Kwenda Marui Kumuulizia Aliyeruka Meli

Nilikwenda Marui kuuliza kwa nini kaka yangu alijiua. Majirani wa Visiga walioniona nikiondoka asubuhi ile na kifurushi begani waliambiwa kwamba nakwenda kutafuta mbegu ya mpunga, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Sasa naisimulia safari yenyewe kama ilivyokuwa.

Kaka yangu aliitwa Kondo. Alikuwa baharia, mchochea makaa katika meli za Waingereza, enzi zile serikali ilipokuwa mikononi mwao na vijana wa kwetu wakishuka Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini, wengine wakapanda meli kabisa. Kila baada ya safari ndefu alirudi nyumbani, akakaa wiki kadhaa akimchekesha mama, kisha akaondoka tena. Safari ya mwisho hakurudi. Tukangoja vuli ikapita, masika yakapita, ndipo baba yetu mdogo alipofunga safari kwenda kwenye ofisi ya wakala wa meli. Karani akatazama karatasi zake akamwambia kwa Kiswahili, "Mzee, mwanao aliruka meli huko Ulaya."

"Aliruka?"

"Ndiyo, aliruka meli. Sisi hatuna habari zake tena." Akaita mtu mwingine.

Baba mdogo alirudi Visiga akasimama uani, kofia mkononi, akasema, "Kondo kajirusha baharini." Hivyo ndivyo alivyoelewa, na sisi tukaelewa hivyo hivyo. Mtu akiiruka meli ataangukia wapi kama si majini?

Tukakaa matanga. Maalim Hamisi, aliyekuwa akitusalisha msikitini, akamsalia kaka sala ya maiti asiyekuwepo, ingawa baadhi ya watu walinong'ona kwamba aliyejitoa roho hastahili. Mkewe, Mwanahawa, akakaa eda nyumbani kwetu, kwa sababu wazazi wake walikwisha kufariki na mama yangu alimchukua kama mtoto wake wa kumzaa. Mama mwenyewe hakulia kama wanavyolia waliofiwa. Alikuwa akimaliza kuswali anabaki pale pale kwenye msala, na nikipita ananiuliza, "Ramadhani, mtu akijirusha mwenyewe, Mwenyezi Mungu anampokea?" Nikawa napita mlango wa nyuma ili nisiulizwe.

Eda ikaisha. Baada ya muda akaja kumposa Mwanahawa mtu wa Misugusugu, Bwana Shomari, aliyefiwa na mke, mwenye shamba zuri la minazi na sauti ya upole. Mwanahawa akakubali. Kaka yake wa Mlandizi, ambaye ndiye walii wake, akakubali pia, na ndoa ikapangwa kufungwa Ijumaa baada ya swala.

Wiki hiyo hiyo mchuuzi mmoja wa korosho akatuambia kwamba kule Marui, upande wa Kisarawe, yupo mtu aitwaye Pazi aliyefanya kazi meli moja na Kondo. Mama akanishika mkono. "Nenda," akasema. "Kabla Mwanahawa hajatoka nyumbani kwangu, nataka nijue mwanangu alifikwa na nini hata akafanya vile. Nikijua, nitajua namna ya kumwombea."

Jumanne, jua lilipochomoza, nikaondoka. Mwanahawa alinifungia mihogo ya kuchemsha na kipande cha nazi, akanisindikiza hadi njia ya Soga. Hakuwa msemaji. Tulipoagana ndipo akasema, "Shemeji, mimi usiniulizie mengi. Ulizia kama aliteseka. Basi."

Njia ya Soga ilikuwa na umande hadi kiunoni. Nikafika stesheni suruali imelowa, nikakaa na akina mama wenye vikapu vya kuku, nao wakataka kujua naenda wapi na kwa nani, kama ilivyo desturi. Nikasema mbegu ya mpunga. Mmoja akanitajia mbegu tatu nzuri na mahali pa kuzipata, nikaona haya kwa kumdanganya mtu mkarimu. Treni ikaja, ikatupitisha Mpiji, ikapanda polepole kuelekea Pugu, nami nikashuka hapo nikakwea kilima kwa miguu.

Kisarawe nililala kwa shangazi yangu, Bi. Tatu. Nyumba yake ilikuwa juu, nyuma ya boma, na jioni kabla ya magharibi akanitoa nje akaninyooshea kidole. "Ile kule, unaiona? Siku isiyo na ukungu inaonekana." Nikaona mstari mwembamba wa buluu mbali sana, nyuma ya miti. Ilikuwa bahari. Shangazi alidhani ananionyesha kitu kizuri.

"Mimi siipendi, shangazi," nikamwambia.

Akanitazama, akakumbuka. "Nisamehe, mwanangu. Mimi naitazama kila siku, nimesahau kwamba ina watu ndani yake."

Jumatano nilitembea tangu alfajiri kuelekea Marui. Njia ilikuwa ya mchanga, mashamba ya mihogo huku na huku, na kila nyumba niliyoipita nilitoa shikamoo nikauliza kwa Pazi. "Yule wa kukohoa?" wakaniuliza. "Endelea mbele." Nilikuwa nikijipangia maswali njiani. Nianze na lipi? Kwamba alikuwa mgonjwa? Kwamba walimpiga? Nilitamani nisikie kwamba alipandwa na homa, akili ikamtoka, maana mwenye wazimu hahesabiwi dhambi.

Alasiri nikamkuta Pazi amekaa kivulini mwa nyumba yake, anatengeneza mpini wa jembe. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, kifua kikimpiga filimbi kila akivuta pumzi. Mkewe, Bi. Zena, alikuwa akianua mpunga.

"Karibu, karibu. Umetoka wapi?"

"Visiga. Mimi ni mdogo wake Kondo."

Akaweka mpini chini, uso ukamng'aa. "Kondo! Hajambo huko aliko? Ameshawaandikia?"

Sikumwelewa. Nikasema, "Kondo amefariki. Nimekuja kukuuliza alifaje."

"Inna lillahi! Lini? Kafia wapi?"

"Si alijirusha baharini? Wewe ulikuwapo."

"Nani kakwambia alijirusha?"

"Ofisi ya meli. Karani alimwambia baba mdogo kwamba aliruka meli."

Pazi akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikageuka kikohozi, na alipoinua macho akaniona nilivyo akanyamaza. "Kaa chini, ndugu yangu," akasema. "Zena, mletee mgeni maji."

Nikakaa. Akaniambia, "Hayo ni maneno ya Waingereza. 'Jump ship.' Karani kayageuza moja moja kama yalivyo. Lakini anayeruka meli kwa Waingereza haangukii majini. Meli imefungwa gatini, yeye anashuka kwa ngazi, na viatu vyake miguuni, na mzigo wake begani, anakwenda mjini na harudi. Ametoroka kazi. Hiyo ndiyo 'jump ship.' Kondo alitoroka. Mimi mwenyewe nilimbebea mzigo hadi kona ya barabara."

Sikuamini. Nilikuwa nimemzika kaka yangu kwa muda mrefu mno kumfufua kwa neno la mtu nisiyemjua. Nikamuuliza kama ana hakika, kwamba pengine karani alikusudia lile tulilolielewa.

"Angeanguka majini," Pazi akasema, "ungesikia neno moja tu likipigwa kelele meli nzima. 'Overboard!' Hata kapteni anayekunywa chai anaacha kikombe. Meli inapunguza mwendo, boti zinateremshwa. Nimelisikia mara moja tu maishani mwangu, na halikuwa la Kondo. Angekufa maji wakamwopoa, wangesema 'drowned.' Wasingemwona kabisa, wangesema 'lost at sea,' kapotea baharini."

"Aliyepotea si hutafutwa?"

"Kwetu hutafutwa. Kwao, akipotea baharini, ndiyo wamekwisha kumzika kwa mdomo. Hakuna anayemtafuta." Akakohoa, akapumzika. "Mimi Kiingereza changu ni cha makaa na koleo, sijui kingine. Lakini maneno haya ya mtu kutoka melini tuliyajua sote, kwa sababu kila mmoja wetu aliogopa litakaloandikwa juu yake. Ukishuka kwa ruhusa, uko 'ashore,' nchi kavu, jioni unarudi. Ukichelewa kurudi, wanasema uko 'adrift.' Hilo ni neno la chombo kisicho na nanga wala usukani, kinachukuliwa na maji. Kondo siku ya kwanza walimwita hivyo. Yeye kalala chumbani huko mjini, kitanda kikavu, blanketi juu, wao wanasema anaelea! Meli ilipong'oa nanga bila yeye, wakaandika lile jingine."

Nikaomba maji tena. Kisha nikauliza alikuwa anakwenda wapi na mzigo huo.

"Alipata kazi ya kuosha vyombo katika nyumba moja wanamolala mabaharia. Alisema amechoka kuishi tumboni mwa meli. Akaniambia, 'Ukifika nyumbani nenda Visiga, mwambie mama nipo. Mwambie Mwanahawa nikipata pa kukaa nitaandika.'"

"Na wewe hukuja."

Bi. Zena akadakia kabla mumewe hajafungua kinywa. "Nilimwambia aende. Nilimwambia, Pazi, hiyo ni amana ya watu."

Pazi akainamisha kichwa. Alirudi na kifua hiki, akasema, wakamlaza hospitali Dar es Salaam muda mrefu, wakamtoa hawezi kutembea hata hadi kisimani. Alipopata nafuu akaona siku zimepita nyingi, Kondo mwenyewe anajua kuandika, bila shaka ameshaandika. "Nikaona nikifika nitachekwa, naleta habari iliyochacha," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Nilimsamehe pale pale. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningemsamehe yeyote. Kaka yangu alikuwa hai, na hakuitupa roho yake. Nilimwona mama anavyonyanyuka kwenye msala. Bi. Zena akapika wali, nikala kama mtu aliyefunguliwa kutoka kifungoni, nikawasimulia vituko vya Kondo vya utotoni, tukacheka.

Bi. Zena akaniongezea mchuzi akauliza, "Na mkewe yu hali gani?"

Nikarudisha tonge sahanini. Tangu nilipokaa chini kivulini pale, Mwanahawa hakunijia akilini hata mara moja.

"Anaolewa," nikasema. "Ijumaa hii."

Pazi akanawa mikono ingawa hakuwa amemaliza kula.

Alhamisi, kabla jua halijatoka, nilikuwa njiani. Pazi alitaka tufuatane akatoe ushahidi, lakini hatua mia zilimtosha, akasimama ameshika mti. Akaniapia kwamba atakuja kwa treni akipata wa kumpeleka Pugu, nami nikaenda peke yangu. Kisarawe niliingia jua la utosi, sikukaa kwa shangazi, nikadandia lori la magogo hadi Pugu, nikakuta treni imekwisha pita. Nikafuata reli kwa miguu. Wafanyakazi wa reli pale Mpiji walinikaribisha nikalala katika kibanda chao, wakanipa uji asubuhi, wakaniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema ndiyo.

Ijumaa nilikimbia. Nasema kukimbia, si kutembea haraka. Nilikata mashamba na vichaka kuelekea Kibaha, nikaangukia barabara ya Morogoro, nikageuka kuelekea nyumbani, na kila nilipochoka nilijiambia kwamba naokoa watu wasiingie katika haramu. Nilijiona nafanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kufanya.

Karibu na kijiji nikakutana na Bwana Shomari. Alikuwa akitokea msikitini na jamaa zake, kanzu mpya, kilemba, uso umejaa tabasamu. "Ramadhani! Tulisikia umekwenda kutafuta mbegu. Mbona umetota hivyo? Oga haraka uje, shemeji yetu hawezi kukosa." Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na harufu ya udi. Nikasema naja, nikampita. Siwezi kueleza kwa nini sikumwambia pale barabarani. Nadhani niliona ni haki ya mama kusikia kwanza.

Uani masufuria ya pilau yalikuwa juu ya moto na wanawake wamejaa. Nikaingia moja kwa moja chumbani kwa mama, nikapiga magoti, nikasema, "Mama, Kondo yu hai. Hakujirusha. Aliteremka kwa ngazi, akaacha kazi, anakaa Ulaya."

Mama alinitazama, akanishika uso kwa mikono miwili, akanirudisha nyuma tena na tena niyarudie maneno yale. Kisha akapiga kigelegele. Sikupata kusikia sauti ile kwake tangu Kondo alipooa. Na wanawake wa uani, waliodhani ndoa imefungwa, wakamwitikia. Nyumba nzima ikalia vigelegele, na Mwanahawa, katika chumba cha pili, hina mikononi na miguuni, akauliza, "Tayari?"

Mimi ndiye niliyemwendea. Nikamwambia yote. Alisikiliza bila kunikatiza, mikono ameiweka juu ya magoti ili hina isiharibike. Nilipomaliza akauliza, "Aliteseka?"

"Hapana. Alikuwa mzima. Alisema atakuandikia."

"Na hakuniandikia," akasema.

Maalim Hamisi alipoambiwa aliwaambia watu kwamba mke wa mtu haolewi, kwamba ndoa haitafungwa leo hadi Pazi aje atoe ushahidi wake. Watu wakaangaliana. Bwana Shomari akavua kilemba chake taratibu, akakikunja. "Basi tule," akasema. "Wamepika tangu usiku, chakula kisiharibike." Akala pamoja nasi, akaaga kila mtu kwa jina, akarudi Misugusugu.

Wiki iliyofuata Pazi akafika, ameshikwa mkono na mkewe, akaapa mbele ya Maalim. Mambo yakaishia hapo. Au niseme yakaanza hapo.

Tuliandika barua Ulaya kwa anuani ya nyumba ile ya mabaharia, aliyotutajia Pazi. Tukaandika nyingine. Hakuna iliyojibiwa. Bwana Shomari alingoja hadi mavuno yakaisha, na baada ya mavuno akatuma mtu kuuliza kwa adabu kama kuna habari yoyote. Hakukuwa na habari. Akaoa Mlandizi, na ndoa yake ikawa njema, watoto wake nawajua. Maalim alimwambia Mwanahawa kwamba ipo njia, anaweza kwenda kwa kadhi kuomba afunguliwe, maana mume hayupo na hatoi matumizi. Lakini kila lilipotajwa jambo hilo mama yangu alilia. "Mwanangu yu hai, na wewe unataka kumfungia mlango?" Mwanahawa akawa haendi. Alimpikia mama, alimwosha, alimsikiliza akisema kila masika kwamba safari hii atakuja. Mama alifariki kwa amani, akiamini. Ndipo Mwanahawa akaenda kwa kadhi, na kadhi akamfungua bila tabu yoyote. Lakini nywele zilikuwa zimekwisha kuingia mvi, na hakuna aliyekuja tena kupiga hodi. Kondo hatukumsikia. Sijui kama alikufa mzee au kijana, nchi kavu au majini, na sasa sina hata neno moja la kumwekea, la kwetu wala la Waingereza.

Watu huniuliza safari ile ilinifunza nini. Ilinifunza kwamba habari njema ikiingia nyumbani haingii vyumba vyote. Ile ile iliyomnyanyua mama yangu ilimketisha Mwanahawa chini, na mimi niliyeibeba niliona chumba kimoja tu.

Mwaka jana tulikuwa tukibangua korosho, yeye na mimi, barazani. Akaanza mwenyewe, bila kuulizwa. "Unajua, shemeji, nilipoambiwa amekufa, nilimlilia, nikamkalia eda, ikaisha. Nilikuwa nimepona. Huyu aliye hai ndiye aliyenimaliza."

Tukabangua kwa muda.

"Ungejua yote haya yatakuja," akauliza, "siku ile ungeniambia?"

Nikafikiri sana, kwa sababu nilimwona anataka jibu la kweli, si la kumtuliza.

"Ningekuambia," nikasema. "Lakini nisingekimbia."